Fungu la Viboko

Siku ile mjinga alikuwa Mwinyimvua, na hapo hapana ubishi. Hata mwenyewe, alipoulizwa baadaye, alisema, "Mjinga nilikuwa mimi, tena wa kupigiwa mfano." Wote waliokaa mkekani walikuwa na akili zao, na wasiokuwa na akili walikuwa na adabu. Yeye peke yake ndiye aliyekosa vyote viwili kwa mara moja.

Yalikuwa matanga ya baba yake, Mzee Mfaume, na hayakuwa matanga ya kumwonea mtu wivu. Kijiji chao kilikuwa kimechomwa na askari wa Mdachi, ghala na mpunga wake, na waliosalia wakakimbilia kisiwani, katikati ya matete, huko Rufiji inakogawanyika matawi kabla ya kufika baharini. Msiba ukalishwa makoche ya kuchemsha, matunda yale magumu ya mwituni ambayo mtu huyatafuna mpaka taya zimlaani. Kulia kwenyewe kulikuwa kwa kunong'ona. Kisiwani pale watoto walifundishwa kulia bila sauti, majogoo walichinjwa kabla hawajajua kuwika, na moto uliwashwa alfajiri tu, ukungu ungali umelala juu ya maji, ili moshi usijulikane.

Mwalimu Zaidi, aliyekuwa akifundisha Kurani chuoni upande wa Dimani, alikuja kumzika marehemu kwa njia ya matope waliyoijua wao wenyewe, kanzu ameibeba kichwani. Baada ya dua akakohoa, akasema marehemu aliacha wasia mbele yake na mbele ya wazee wawili.

"Ameacha mashamba mawili hapa kisiwani," akasema. "La juu, la mchangani, ni lenu warithi. La bondeni, lile la ukingoni mwa ziwa, ameliachia viboko."

"Ameliachia nani?" akauliza Mwinyimvua.

"Viboko. Hawa wa ziwani na wa kwenye mfereji. Lisilimwe, lisitegwe mtego, wala wasifukuzwe. Majani yake ni malisho yao."

Watu wakatazamana. Mzee Mfaume hakuwa na urafiki wowote na viboko. Mguu wake wa kushoto, uliokuwa ukivutwa nyuma kama kamba ya mtumbwi, ulivunjwa na kiboko ujanani, na maisha yake yote alikuwa hamtaji mnyama huyo bila kutema mate kwanza.

"Homa hiyo," akanong'ona mmoja. "Homa ilimpanda kichwani."

"Akili yake ilikuwa timamu kuliko yako," Mwalimu akamjibu. "Wala si ajabu. Makka kuna njiwa wana wakfu wao. Shida ni moja. Mtu ana ruhusa ya kuusia thuluthi ya mali yake, basi. Na shamba la bondeni, nyote mnajua, ni zaidi ya thuluthi. Ndilo shamba lenyewe hasa. Kile kinachozidi hakipiti mpaka warithi waridhie. Ndiyo maana nauliza mbele ya watu hawa: mmeridhia?"

Warithi walikuwa wawili tu, Mwinyimvua na dada yake Biasha. Biasha alikuwa amejifunika kanga uso mzima. "Nimeridhia," akasema upesi, kama mtu aliyekuwa akilingoja swali hilo.

Macho yakamgeukia Mwinyimvua. Sasa, Mwinyimvua alikuwa mtu wa mizaha. Kabla ya vita hapakuwa na harusi toka Dimani hadi Kibiti iliyonoga bila yeye. Tangu vita vianze hakuna aliyemcheka, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na kicheko. Pale mkekani akaona nyuso zilizokauka zinamtazama zote kwa pamoja, na roho ikamtuma.

"Nimeridhia!" akasema. "Tena mpeni na jembe, alime mwenyewe!"

Kicheko kilikuwa cha kunong'ona, lakini kilikuwa kicheko. Mzee mmoja alicheka mpaka akashika mbavu. Mwinyimvua alijisikia kama amekula wali wa nazi. Moyoni alijiambia: nani ataniuliza? Kiboko atakuja barazani na mashahidi?

Mwalimu Zaidi hakucheka. "Mwinyimvua, kuna maneno ambayo utani wake ni kweli. Umeridhia mbele ya mashahidi. Limepita."

*

Mafuriko ya masika yalipoanza kurudi mtoni, yaliacha bondeni tope jeusi, laini kama uji, linalonuka rutuba. Mtu wa Rufiji hahitaji kuambiwa afanye nini na tope la namna hiyo. Huo ndio wakati wa mlao: unatoboa tundu kwa kijiti, unadondosha mbegu, unafukia kwa kidole cha mguu, na ardhi inafanya mengine bila kungoja mvua.

Shamba la juu, lile la warithi, lilikuwa mchanga mtupu unaomeremeta juani.

Juu ya jiko la Mwanahawa, mke wa Mwinyimvua, palikuwa na fungu la mahindi ya mbegu, yameshikana kwa masizi. Yaliokolewa siku kijiji kilipoungua, naye Mwanahawa aliyabeba mgongoni huku mtoto amemshika mkono. Kula mbegu ni aibu kuliko kuiba. Hata hivyo kila asubuhi Mwanahawa aliyatazama, kisha akamtazama Tatu, binti yao, ambaye tumbo lilikuwa limeanza kuvimba na nywele kugeuka rangi ya kutu.

"Baba Tatu," akasema siku moja, huku akimenya mizizi ya yungiyungi aliyoizamia ziwani tangu alfajiri, "mahindi haya au tuyapande, au tuyale. Mimi siwezi tena kuyaangalia."

"Tupande wapi? Mchangani?"

"Sijasema mchangani."

"Bondeni nimeridhia mbele ya watu, mama Tatu."

"Uliridhia kwa kuwa ulitaka kuchekwa." Hakupandisha sauti. "Basi cheka sasa, tukuone."

Mwinyimvua hakucheka. Alichukua kikapu, akapita njia ya matope, akatembea mpaka kwa Huseni, mfanyabiashara wa nafaka aliyekaa kando ya njia ya Kibiti. Zamani waliwahi kucheza ngoma moja. Vita vilipokuja, Huseni hakunywa maji ya dawa ya Ngarambe, wala hakukimbia. Aliwauzia chakula askari, na nyumba yake haikuungua.

Huseni alimpokea vizuri, na hilo ndilo lililouma. Alimketisha kwenye kigoda, akawaita wake zake na wageni wake.

"Huyu ndiye Mwinyimvua niliyewaambieni! Hakuna binadamu anayemwigiza mnyama kama huyu. Hebu, ndugu yangu, tufanyie kiboko."

"Nimekuja kuomba, bwana Huseni. Mtoto wangu ana njaa."

"Na utapata, utapata! Tufanyie kiboko kwanza. Nasikia siku hizi ni warithi wenzio."

Habari za wasia zilikuwa zimekwisha kutembea, na hakuna aliyejua zilipita matope yapi. Mwinyimvua alipiga magoti uani, akaweka viganja chini. Akafutua mashavu, akatoa ule mguno unaoanzia tumboni na kuishia puani, akapiga miayo kwa kinywa kizima, akatikisa makalio kama anayetawanya mavi kwa mkia. Waliokaa barazani walianguka kwa kucheka. Mke mmoja alimwaga maji aliyokuwa ameyashika. "Tena!" wakasema. Akarudia. Alipoinuka, magoti yake yalikuwa na vumbi, na Huseni, machozi ya kicheko yakimtoka, akamtilia kikapuni pumba za mpunga na chenga kidogo juu yake, za kupendezesha.

Njia nzima ya kurudi Mwinyimvua alikuwa akilijaribu jambo moja midomoni mwake, namna ya kulisema nyumbani ili lichekeshe. Hakuipata.

*

"Nalima bondeni," akasema alipofika, bado amesimama, kikapu hajakitua.

Biasha aliinua kichwa. Alikuwa akimsuka Tatu nywele zile za kutu. Kando yake alikaa mumewe, Abbasi, anasokota kamba ya ukindu. Abbasi ndiye aliyekuwa sababu ya familia ile kujificha kuliko wengine. Vita vilipoanza, yeye ndiye aliyebeba maji ya dawa kutoka Ngarambe akayapeleka kijiji hadi kijiji, akiwahakikishia watu kwamba risasi za Mdachi zitageuka maji. Hazikugeuka. Wenzake waliofanya kazi ile walikuwa wameshanyongwa, na jina lake lilikuwa linatafutwa mpaka mashinani.

"Kaka," Biasha akasema, "unajua kwa nini baba aliwaachia viboko lile shamba?"

"Homa."

"Si homa. Ulikuwapo siku askari walipoingia mferejini, njia ya majini ya kuja hapa, na mitumbwi waliyoipora. Wapiga kasia walimwambia nini ombasha wao?"

Mwinyimvua alikumbuka. Wote walikuwa wamelala kifudifudi kwenye matete, tope mpaka midomoni. Ombasha, mkubwa wa askari wale, alipiga kelele waende mbele. Wapiga kasia wakaweka kasia chini, wakasema bora awapige risasi hapo hapo, kwani mle ndani mna kiboko ana mtoto, na mwenye mtoto hana msamaha. Mitumbwi ikageuka.

"Baba aliliona hilo," Biasha akasema. "Aliniambia: shetani aliyenivunja mguu ndiye bawabu wetu, na bawabu hula. Ukimnyima malisho atahama. Shamba lile si sadaka, kaka. Ni shingo ya Abbasi."

"Na tumbo la Tatu je?" Sauti ya Mwinyimvua ilipasuka. "Kwa nini hakuniambia mimi?"

"Wewe? Ungelitia kwenye wimbo."

Mwanahawa aliingilia. "Wifi, sikuombei mabaya. Mume wako ni kama kaka yangu. Lakini mtoto huyu unayemsuka, nywele zinabaki mkononi mwako. Tazama."

Biasha alitazama viganja vyake. Kweli, zilikuwa zimebaki.

Ndipo Abbasi alipoitua kamba. Alikuwa mtu wa maneno machache tangu vita. Maneno yake mengi aliyamaliza akiyanadi yale maji. "Shemeji," akamwambia Mwinyimvua, "niliwaambia watu wa vijiji vingi kwamba hawatakufa, wakafa. Sitamwambia na mtoto huyu. Kesho nipe kijiti, nitatoboa mimi."

Biasha alirudi kusuka, taratibu zaidi, kama anayeshona kitu kilichokwisha chanika.

Asubuhi Mwalimu Zaidi alipopata habari alikuja, matope magotini, akawakuta wamekwisha fika katikati ya shamba. Mwinyimvua alimwahi. "Mwalimu, leo sina mzaha. Niambie ni haramu, nami nitakuuliza pumba ni halali?"

Mzee yule alisimama muda akimtazama Tatu aliyeketi ukingoni, mikono juu ya tumbo.

"Dharura ni dharura," akasema mwishowe. "Mwenye kufa njaa hula hata nyamafu, kwa kadiri ya kumwokoa. Limeni. Dhima ya marehemu tutaijibu mbele ya Mungu." Kisha, kabla ya kuondoka: "Acheni walau kipande cha ukingoni. Nao wana matumbo."

Wakaacha kipande. Kilikuwa chembamba kama mkeka wa kuswalia.

*

Mahindi yaliota. Yaliota kwa kiburi, majani mapana, mabichi mpaka yakakaribia weusi. Na viboko, ambao wasia hawajausoma lakini walikuwa wameuzoea, walipanda kutoka ziwani kama kawaida yao na kukuta chakula kimepikwa vizuri zaidi. Asubuhi moja robo ya shamba ilikuwa imelala chini, imekanyagwa kwa nyayo kubwa kama vinu.

Mwinyimvua alijaribu kila kitu cha kimya. Alichimba handaki, wakalizunguka. Alitandaza miiba, wakaila, au ilionekana hivyo. Alipaka mavi ya mbwa mabua ya pembeni. Mwishowe akajenga dungu, kibanda kile cha juu ya nguzo ambacho kila mwenye shamba bondeni hulala humo kulinda, akalipanda na fimbo na jiwe la kutupa. Kiboko mmoja alilitazama jiwe lilipomdundia mgongoni, akaendelea kutafuna.

Na hapo palikuwa na habari njema. Mvuvi mmoja alisema askari wamehamia kusini, milima ya Umatumbi. Mwingine akasema vita vimekwisha. Miezi ilikuwa imepita bila mtumbwi kuonekana. Mtu akikaa kimya muda mrefu pasipo kutokea jambo, huanza kudhani hata kimya chenyewe hakikuwa na kazi.

Basi Mwinyimvua akachukua jembe bovu, lililovunjika mpini, akalifunga kamba na kulitundika dunguni, akaligonga kwa kipande cha chuma. Ngaa! Viboko wakainua vichwa. Ngaa, ngaa, ngaa! Wakageuka, wakateremka majini wakisukumana kama watu waliofumaniwa. Mwinyimvua akacheka peke yake juu ya dungu lake, kicheko cha zamani, cha harusi. "Nilisema mpeni na jembe!" akawapigia kelele. "Si hilo hapo? Limeni!"

Toka siku hiyo aligonga. Mwanzoni aligonga kidogo, jua likizama. Kisha akagonga na nyimbo. Viboko nao wakazoea, ikabidi agonge zaidi, akatia matusi, akawapa viboko majina: yule mkubwa akamwita Ombasha, na yule jike mwenye mtoto akamwita Bi Harusi. Tatu alikaa chini ya dungu akisikiliza, na siku ya kwanza alipocheka kwa sauti, Mwanahawa alifunika uso kwa kanga na kulia. Hata Biasha hakusema kitu. Alikuwa akila mahindi mabichi ya kuchoma kama wenzake, na anayetafuna hana mdomo wa kukemea.

Siku moja Mwinyimvua aligonga, hakukuwa na kiboko wa kumfukuza. Siku iliyofuata pia. Mfereji ulikuwa mtulivu, maji yamenyooka kama kitambaa kilichopigwa pasi. Ombasha, Bi Harusi na mwanawe walikuwa wamehama.

"Nimewashinda," Mwinyimvua akasema.

Abbasi aliutazama mfereji kwa muda mrefu. "Naona," akasema.

*

Walikuja adhuhuri, mahindi yamekauka, nusu yamevunjwa na kurundikwa kwenye jamvi. Mitumbwi mitatu ilipanda mferejini bila kusita, wapiga kasia wakipiga soga. Hakuna aliyeweka kasia chini. Hakukuwa na sababu.

Ombasha, wa kweli sasa, hakuhitaji kuuliza sana. Alimwangalia Abbasi, akamwangalia mtu aliyekuja naye kumtambua, mtu akaitikia kwa kichwa na kuangalia pembeni. Abbasi alikuwa amesimama na hindi mkononi. Alimkabidhi Tatu hindi lile. Kisha akatoa mikono yake kabla hajaambiwa, nao wakamfunga kamba, na iliyobaki wakamzungusha shingoni.

Mahindi waliyapakia yote, hata yale yaliyokuwa juu ya mabua, wakimlazimisha Mwinyimvua avunje na kubeba. Askari mmoja, kijana, alipanda dunguni, akaligonga jembe mara moja, ngaa, akasema kitu kwa wenzake kwa lugha yao, wote wakacheka. Mwinyimvua, mgongo umeinama chini ya kapu la mahindi yake mwenyewe, alijua kicheko kile. Alikuwa amekwisha kukisikia kwa Huseni.

Mitumbwi ilipoondoka, Abbasi hakugeuka nyuma. Labda kamba haikumruhusu.

Biasha aliketi juu ya jamvi tupu, akiokota punje zilizodondoka, moja moja, akizitia kwenye upindo wa kanga. Tatu alikuwa bado amelishika hindi lile, hajui kama anaruhusiwa kulila.

Ndipo Mwinyimvua akalipuka. "Ni Huseni!" akasema, akitembea huku na huku juu ya mabua yaliyovunjika. "Nani mwingine? Ndiye anayewauzia chakula. Alinipa pumba kwa mkono mmoja, akaniuza kwa mwingine!"

"Baba Tatu, kaa chini," Mwanahawa akasema.

"Sikai! Au ni yule mvuvi. Habari gani zile, eti wamekwenda Umatumbi? Alitumwa! Au Mwalimu; mbona alikuja kutuangalia tukilima? Mtu ametusaliti, nakwambieni. Kisiwa hiki hakionekani toka mtoni, njia ya matope hawaijui. Mtu amewaelekeza mpaka hapa, mpaka kwenye shamba hili. Biasha, wewe ndiye mumeo kachukuliwa. Niambie, unadhani nani? Nitajie mtu mmoja tu, nimwendee leo hii!"

Biasha aliokota punje nyingine, akaipuliza vumbi. Juu yao upepo ulilisukuma lile jembe bovu, likagusa nguzo, likalia kidogo.

"Kaka," akasema, "miezi yote ile uliyokuwa ukigonga hapo juu, ulidhani wenye masikio ni viboko peke yao?"